Hodi Mbili, Mgeni Mmoja

"Jina moya, zumba ziwili," ami alisema, akinigeuzia daftari lake. "Ni nini hili?"

Ilikuwa alasiri ya wiki ya Maulidi, hapa Amu, yaani Lamu. Nilisimama dakani kwake na mfuko wa barafu unaovuja mkononi. Ndani, juu ya kiti cha kamba, alikaa mwalimu mmoja kutoka Witu na wanawe wawili, begi miguuni, buibui limeganda chumvi ya bahari begani. Alikuwa ametulia kama anavyotulia mtu anayejizuia.

"Mimi nimebonyeza mara moja," alisema. Hakuniambia mimi. Alimwambia mwanawe mkubwa, ili mimi nisikie.

Tovuti ya nyumba ya wageni ya ami niliitengeneza mimi, nayo ilikuwa imemwandikia mwalimu vyumba viwili badala ya kimoja. Vyumba ni vitano, na wiki ile mnaijua, watu hupangisha hata dari. Kwa siku mbili chumba cha juu kilikuwa kimefungwa kikimngoja mgeni asiyekuwako, na familia ya watu sita kutoka Malindi ikaambiwa hakuna nafasi, ikarudi kulala kwa jamaa zao Mokowe.

Nikafungua simu, nikaingia kwenye daftari la seva (kompyuta inayotunza tovuti), mahali inapoandika kila ombi linaloifikia. Yalikuwa mawili. La kwanza saa kumi, dakika 12, sekunde 7. La pili saa kumi, dakika 12, sekunde 48. Simu ileile, jina lilelile.

"Mwalimu, hapa inaonyesha ni mara mbili," nikasema.

Hakunijibu. Alilipa chumba kimoja, akawashika wanawe mikono, akapanda ngazi.

Sentensi yangu hiyo ilinikaa kooni wiki tano.

## Hodi, karibu, starehe

Wiki ya kwanza sikuwa na shaka yoyote, na nitaueleza ujeuri wangu kama ulivyokuwa.

Nilijiambia kwamba simu ya mwalimu haikurusha ombi lake hewani likaelea kama kishada. Kwanza ilitafuta jina la tovuti lina anwani gani, kazi ya mfumo wa majina uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kisha ikaenda kwenye anwani hiyo na kubisha mlango namba 443. Kompyuta moja ina milango ya namna hii zaidi ya 65,000, na 443 ndio wa mazungumzo ya wavuti yaliyofungwa kwa siri, asiyasome mtu njiani.

Mlangoni hapo kuna adabu. Simu hupiga hodi. Seva hujibu karibu. Simu hurudisha neno la tatu, nalo sisi tunalo: starehe. Ndipo mazungumzo huanza. Wazungu hulifananisha jambo hili na kupeana mikono, na siku zote nimeona mfano huo haufai. Wanaopeana mikono wanaonana. Hapa mmoja yuko nje juani, mwingine yuko ndani kizani, na bila ile starehe aliye ndani hajui kama karibu yake imesikika.

(Sisi tumelelewa kwamba hodi ni tatu, usipojibiwa ondoka. Kompyuta ya Linux, kama hukuibadilisha mipangilio, hurudia hodi mara sita baada ya ile ya kwanza. Haikulelewa Amu.)

Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayosimamia adabu hiyo ni TCP, na mizizi yake ni makala ya Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974. Kila baiti, chembe ya data, inayopita ina namba yake ya mfuatano. Kipande kikipotea, kinatumwa tena. Kikifika mara mbili, anayepokea hutazama namba na kukitupa cha pili. Ujeuri wangu uliegemea hapo. Kama mtandao wenyewe unajua kutupa kilichorudiwa, basi ombi la pili halikutoka kwa mtandao. Limetoka kwenye kidole cha mtu.

Kidole cha mwalimu.

## Seva humjua mtu, haijui shida yake

Ufa niliuona wiki ya pili, nikiwa nakoga.

Zile namba za mfuatano ni za mazungumzo mamoja tu. Mazungumzo yakikatika na simu ikapiga hodi upya, hesabu inaanza upya, na seva haina habari kwamba aliye mlangoni ni yuleyule wa sekunde 41 zilizopita.

HTTP, lugha wanayosemezana kivinjari (programu ya kufungulia kurasa) na seva, ilizaliwa na usahaulifu huo. Toleo la kwanza la Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, lilikuwa na sentensi moja: neno GET, kisha anwani ya ukurasa unaoutaka. Seva ilimwaga ukurasa, ikakata. Hakuna "si wewe uliyekuja jana?" Kompyuta iliyokuwa seva yake ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono kwa wino mwekundu, kuonya mtu asiizime. Nikiwaza kwamba wavuti yote ya dunia iliwahi kulindwa na karatasi ya kubandika, huwa sioni tena aibu sana na kazi zangu.

Na usahaulifu una faida yake. Seva isiyobeba habari za kila mtu inaweza kuhudumia umati, na ikianguka, nyingine hushika nafasi yake bila kuuliza ya jana. Haja ya kukumbuka ilipozidi, Lou Montulli wa kampuni ya vivinjari ya Netscape alileta kuki mwaka 1994: seva hukupa kijikaratasi, nawe hukirudisha kila ukija. Tovuti ya ami inatumia kuki. Kwa hiyo seva ilimtambua kabisa mgeni kuwa ni yuleyule.

Ila haikutambua kuwa haja yake ni ileile.

Mwalimu angeweza kutaka vyumba viwili, chake na cha wifi yake. Ombi hilo la pili lingekuwa na sura hiyohiyo, herufi kwa herufi. Nilizunguka na jambo hili siku kadhaa, nikawa nikipita mbele ya nyumba ya ami kwa njia ya nyuma ili asiniulize nimefikia wapi.

## 200

Jibu la seva huja na namba ya tarakimu tatu. 404, ukurasa haupo, kila mtu anaijua. 500 na wenzake ni seva ikikiri kuwa imeshindwa. 200 maana yake ni sawa, nimetimiza. Mbele ya maombi yote mawili daftari lilionyesha 200. Nilikuwa nimeitazama labda mara ishirini, na kila mara niliisoma hivi: mwalimu alijibiwa, akaliona jibu, akabonyeza tena.

Usiku mmoja umeme ulikatika, nikaisoma kwa mwanga wa kompyuta peke yake, na nikaona kwamba nilichokuwa nikikisoma hakikuandikwa.

Ile 200 ni kauli ya seva kuhusu ulimi wake yenyewe. Inasema nimejibu. Haisemi amesikia.

Seva ninayokodi iko Frankfurt. Kutoka huko jibu hupita kwenye nyuzi za kioo chini ya bahari mpaka Mombasa, nyaya ambazo zilianza kufika pwani yetu mwaka 2009. Kabla yake tulitegemea setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000, na swali moja na jibu lake vikila nusu sekunde kwa safari peke yake. Siku hizi, nikipima kutoka mezani kwangu, kwenda na kurudi Frankfurt ni milisekunde 170 hivi. Maelfu ya kilomita hayo si taabu. Taabu ni kipande cha mwisho, cha kutoka kwenye mnara hadi mkononi mwa mtu.

Na mwalimu alikuwa kwenye basi, kati ya Garsen na Witu. Alilisema siku ile dakani, nami nililichukua kama porojo za safari.

Nikajaribu kuona anachoona yeye. Ukurasa unazunguka, unazunguka, kisha netiweki inakufa. Kimya. Kimya hicho ni kimoja, lakini sababu zake ni mbili. Huenda ombi lilipotea likienda, na chumba hakijaandikwa, na asiporudia atalala nje wiki ya Maulidi na watoto. Au ombi lilifika, chumba kimeandikwa, na kilichopotea ni jibu likirudi. Aliyeshika simu hana njia yoyote ya kuzitenganisha mbili hizo.

Nilidhani ni suala la kuongeza uthibitisho mmoja. Simu ijibu kwamba imepata jibu. Lakini hilo nalo laweza kupotea, na seva ikabaki gizani. Basi seva ithibitishe uthibitisho? Aliyetuma la mwisho daima ndiye asiye na hakika. Wataalamu wana kisa cha majenerali wawili wanaotumiana wajumbe kupitia bonde la adui ili wakubaliane saa ya kushambulia, na imethibitishwa kihesabu kwamba hakuna idadi ya wajumbe itakayowapa wote wawili hakika. Kisa hiki nilikisoma chuoni, nikakifanyia mtihani, nikapita. Sikuwahi kufikiri kingekuja kuketi kwenye kiti cha kamba cha ami, na buibui lenye chumvi.

## Kijisanduku

Hata hivyo alisema mara moja. Hilo sikuwa nimelipatia jibu.

Nikapanda darini na simu yangu. Nikajaza fomu, nikabonyeza kitufe changu cha kijani chenye maneno "Weka chumba", papo hapo nikazima data. Mara ya kwanza nilichelewa, jibu likafika. Mara ya pili niliwahi mno, ombi halikutoka. Nilirudia mpaka majirani wakaanza kunitazama. Kwenye jaribio la saba ukatokea ukurasa wa kosa, ule wa kusema hakuna intaneti. Nikawasha data. Nikauvuta ukurasa chini kwa kidole gumba, kama anavyofanya kila mtu ukurasa ukikwama.

Kikatokea kijisanduku.

Kilikuwa cha Kiingereza, mistari miwili mitatu, kikiuliza kama nataka zile habari zitumwe tena. Chini yake maneno mawili ya kuchagua. Najua Kiingereza, najua HTTP, nilikuwa nimepanda darini kwa ajili ya kukitafuta kitu kama hicho. Na bado kidole gumba kilikuwa kimeshabonyeza kabla jicho halijamaliza mstari wa kwanza.

Nikatazama daftari la seva. Maombi mawili.

Kivinjari hakikukosea. HTTP ina maneno ya kuomba na maneno ya kuleta. GET ni kuomba kusoma, na ukurasa ukisomwa mara kumi haubadiliki, kwa hiyo kivinjari hurudia GET bila kumuuliza mtu. POST inaleta jambo jipya, na kuirudia kunaweza kuwa na hasara, kwa hiyo kabla ya kuituma tena kivinjari huomba ruhusa. Kiliomba. Kiliomba kwa Kiingereza cha mafundi, ndani ya basi linaloruka mashimo, kwa mama aliyempakata mtoto.

Kwake yeye, kubonyeza ni kile kitufe cha kijani. Alikibonyeza mara moja. Kijisanduku kilikuwa ni takataka mojawapo ya simu, kama matangazo ya bando, unakiondoa na kuendelea.

Nilipomweleza ami, alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mwongo ni nani?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Akaniambia nimmiminie kahawa.

## Sukari ya Ijumaa

Nilikuwa na dawa mbili ambazo kila mtengeneza tovuti anazo, na moja nilikuwa nimeshaitumia. Kitufe changu hujizima ukishakibonyeza. Lakini kuvuta ukurasa hakupiti kwenye kitufe. Ya pili sikuwa nimeitia: seva, ikishaandika chumba, haijibu kwa ukurasa moja kwa moja. Humwambia mgeni aende kusoma ukurasa mwingine wa shukrani, ili akiuvuta huo awe anasoma tu, haleti kitu. Ni dawa nzuri. Ila huanza kufanya kazi pale jibu linapofika, na maradhi yetu ni kwamba jibu halikufika.

Niliitazama pia HTTP/3, toleo jipya la HTTP lililopitishwa rasmi mwaka 2022. Imeachana na TCP, na mazungumzo yake hubeba kitambulisho chake, hivyo simu ikibadilishiwa anwani safarini hayakatiki lazima. Ingepunguza mikasa. Lakini basi likiingia mahali pasipo na mnara, kitambulisho ni cha nini?

Jibu lilikuja kutoka kwa marehemu bibi yangu, ambaye hakuwahi kugusa simu yenye kioo.

Bibi alikuwa akitutuma sisi watoto duka moja la mtaa wa Langoni kuchukua vitu kwa mkopo. Hakutuamini kwa midomo. Aliandika kijikaratasi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wanawake wa rika lake, akakifunga kwenye pembe ya leso na leso akatupa mkononi. Siku moja alinipa chenye maneno "sukari ratili mbili, ya Ijumaa". Nilichukua sukari, kisha nikaona watoto wanaruka majini pale gatini. Sukari nikaiweka kivulini.

Bibi alingoja. Kutoka jikoni kwake kimya kilikuwa kimoja: ama sikufika dukani, ama nilifika na sikurudi. Akamtuma binamu yangu na kijikaratasi chenye maneno yaleyale.

Mwenye duka alikisoma, akageuka ukutani palipokuwa na msumari uliochomekwa karatasi za juma zima. Akazipekua kwa kidole.

"Ya Ijumaa ishatoka," akamwambia binamu yangu. "Nduguyo anayo. Mwambie bibi asubiri."

Neno lililofanya kazi ni Ijumaa. Sukari ratili mbili ni maneno ambayo mtu anaweza kuyasema kila siku, na mwenye duka angepima. Bibi alikuwa amelipa hitaji lake jina kabla halijatoka mlangoni, na jina hilo halikubadilika hata alipobadilisha mjumbe. Angehitaji sukari nyingine kweli, angeandika ya Jumamosi. (Mimi nilichapwa. Sukari ilikuwa na siafu.)

Mistari 11 ya msimbo. Sasa fomu ya ami inapofunguka, seva huitia namba ambayo haijawahi kutolewa, imejificha, mgeni haioni. Ombi likija hubeba namba hiyo, nayo huandikwa pamoja na chumba, na hifadhidata nimeiamuru isikubali namba moja kuandikwa mara mbili. Ombi likirudi na namba iliyokwisha kuandikwa, seva haiandiki chumba kingine. Humpa mgeni jibu lilelile la mwanzo, kama kwamba ndiyo kwanza amekuja. Anayetaka chumba cha pili kikweli hufungua fomu mpya, na hiyo ina namba yake.

Mafundi wanalo jina refu la sifa hiyo, ya jambo kufanyika mara kumi likawa kama limefanyika mara moja. Mimi msimboni nimeiita ijumaa.

## Simu kwa mwalimu

Ami alinipa namba yake baada ya kuniuliza mara tatu ninaitakia nini.

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni yule kijana wa tovuti, wa nyumba ya wageni Amu."

"Waaleikum salaam."

Nikaeleza. Nikaeleza kirefu mno, mpaka majenerali nikawaingiza. Nikasema kwamba alibonyeza mara moja, kwamba nilimsingizia mbele ya wanawe, kwamba kosa lilikuwa langu. Nikamaliza. Upande wa pili kimya.

Nikatoa simu sikioni, nikatazama kioo. Dakika zilikuwa zikihesabu.

"Haloo? Mwalimu?"

"Nakusikia," akasema. "Nilikwambia."

Nyuma yake kulikuwa na sauti za darasa zima likisoma kwa pamoja. Akasema ana kipindi, akakata.

## Boti ya jioni

Jaribio la mwisho sikutaka kulifanyia darini. Nilipanda boti ya abiria ya kwenda Mokowe, kwa sababu upande wa mikoko pana mahali ambapo simu yangu hupoteza netiweki kila mara, bila ya mimi kuizima.

Nikajaza fomu tukiwa bado tunauona ukuta wa gati. Tulipoikaribia mikoko nikabonyeza. Ukazunguka. Ukafa. Ukurasa wa kosa. Mawimbi yalikuwa yakirusha maji ya chumvi kwenye kioo, ikabidi nifute kwa pindo la kikoi. Netiweki iliporudi nikavuta, kijisanduku kikatokea, nikabonyeza ndiyo. Kwa makusudi nikavuta tena, na tena.

Daftari la seva: maombi manne. Chumba kimoja.

Nilikuwa nikicheka peke yangu aliponisimamia yule kijana wa nauli.

"Nauli, kaka."

"Nishakupa."

"Umempa nani?"

"Wewe. Tulipong'oa nanga."

Akanitazama usoni. Akazitazama noti alizozikunja kati ya vidole vyake, kana kwamba mojawapo ingesema ni yangu. Kisha akaenda kwa mzee aliyekaa nyuma yangu, na mbuzi wake.